Jinsi Aristides Alivyoletwa Kibosho

Msiba wa Aristides Massawe ulikataa kununa. Pale nyumbani kwake Elerai, wanawake waliomzunguka mjane wake, Agnela, walilia kama inavyopasa, lakini chini ya turubai la wanaume kilio kilikatizwa kila mara na vicheko. Mtu alijifuta machozi usijue ni ya upande gani. Na kila kicheko kilipozuka, macho yaliishia kwa Mwarusha mmoja mrefu aliyekaa mwisho wa benchi, mfanyabiashara wa ng'ombe, jina lake Lekishon.

"Ero, tupe ile ya Krismasi," watu walimwomba.

Lekishon alijitia kukataa, akakohoa, akaisimulia. Aliisimulia vizuri, maana alikuwa na mazoezi ya miaka. Katika habari ile mjinga alikuwa yeye mwenyewe, na watu hupenda msimulizi anayejicheka. Walichokuwa hawakijui ni kwamba ilikuwa ikimchoma. Yeye ndiye aliyeiua kazi yao, yake na ya marehemu, kwa kutojua jambo ambalo kila mtu Arusha analijua, na Aristides hakuwahi kumlaumu hata kwa nusu neno. Ukimya ule ndio uliomkaa rohoni. Bora angetukanwa mara moja yakaisha.

Kazi yenyewe ilianza ruksa ya biashara ilipokuwa imeshakolea. Mji ulikuwa umefunguka. Mitumba ilimwagwa chini kwa mafungu, maduka yalijaa redio za kaseti zenye taa zinazocheza, kila mwenye mtaji wa karanga akajiita mfanyabiashara. Kisha zikaja meza za pool. Haukupita muda Sombetini nzima ikawa inagonga mipira. Kila baa ikataka meza yake, na nyingine zilipata meza kabla hazijapata paa, mvua ikija watu wanafunika meza kwanza, wao wenyewe baadaye.

Aristides alikuwa ameujua mchezo huo kabla ya wenzake. Alifanya usafi katika hoteli moja ya wageni, na asubuhi wazungu wakishaondoka kwenda mbugani, alibaki na meza peke yake. Alicheza mpaka fimbo ile ikawa kama mkono wake wa tatu. Alikuwa mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi kooni, nywele zimechanwa upande mmoja kwa maji. Alikaa seminari kabla ya kutoroka, na ile sura ya seminari haikumtoka. Ukimwona ungempa kitabu cha nyimbo akushikie.

Hapo ndipo Lekishon alipoona riziki. Wakati huo alikuwa dalali wa mnadani asiye na ng'ombe wala mteja, ila alikuwa na maneno. Mpango ukawa hivi. Lekishon huingia baa wa kwanza, amejifunga shuka kama Mmasai, rungu mkononi, katambuga miguuni, anatangaza kwa sauti kwamba ametoka kuuza ng'ombe na leo anataka kujua haya mayai ya rangi wanayachokoa kwa nini. Watu huangua kicheko. Baadaye kidogo Aristides huingia kivyake, anasalimia kwa heshima, anaomba soda. Akiombwa acheze, anashika fimbo kama anashika nyoka, anakosa mipira ya wazi kabisa, anaomba radhi. Ndipo Lekishon huchukia. "Mnamcheka maskini wa watu?" anapiga kelele. "Mimi naweka kwa huyu! Nani anaweka?"

Wote huweka. Nani angeiacha bahati kama hiyo, Mmasai mwenye fedha za ng'ombe na mseminari asiyejua kushika fimbo? Kila mmoja aliwaona wao ndio wa kuliwa. Kisha Aristides hukunja mkono wa shati, mara moja tu, na mipira huanza kwenda nyumbani.

Lakini alichotia fora nacho ni adabu. Hakuna mpira aliouingiza bila kuomba radhi. "Samahani jamani, umeingia." "Samahani, na huu nao." Aliyeshindwa alibaki hajui akasirike na nani. Mtu aliondoka bila koti lake, anamwambia aliyemvua, "Haya, usijali, kaka." Walishinda majaketi, walishinda redio, siku moja walishinda jogoo mwenye hasira aliyewasumbua mpaka wakamla. Hans, mwenye bucha hapo Sombetini, aliacha mezani koti la ngozi alilolipenda kuliko mkewe. Derick, muuza vipuri, aliacha redio yake na kaseti zilizokuwa ndani.

Mambo yalikuwa bambam, ila Aristides alikuwa na doa moja ambalo halikusuguliwa likatoka. Baba yake, Mzee Frederick, alikuwa katekista huko Kibosho. Habari kwamba mwanawe kaacha seminari aliimeza kwa shida. Habari kwamba sasa anakula kwa kamari hakuimeza. Alimwita nyumbani, akamsimamisha uani mbele ya mama yake, Pudensiana, akatamka, "Mimi sitakuita tena hapa. Na wewe usijilete." Mchaga akimwambia mtoto wake hivyo kwenye kihamba, lile shamba la mababu, hasemi kupitisha muda. Na katekista hawezi kuonekana anakula maneno yake. Aristides akarudi mjini, na kuanzia hapo Desemba ikifika yeye hubaki Arusha, anakaa kwenye meza tupu anachokoa mipira peke yake, haombi radhi kwa mtu.

Desemba moja mwaka wa tisini na kitu, Lekishon alimfuata hapo mezani akiwa na wazo. Baa zilikuwa zimepwaya. Wateja hawaonekani, na wachache waliobaki walikuwa wameshaliwa, hawaweki hata kiberiti.

"Huku tumekwisha," Lekishon alisema. "Sura zetu zimechoka. Twende Kilimanjaro, vijijini huko. Nani anatujua?"

Hakujiuliza wale watu wa mjini wameenda wapi. Kwake yeye Krismasi ilikuwa kanisani asubuhi, kondoo mchana, na kesho yake ng'ombe wanapelekwa malishoni kama kawaida. Kwamba kuna kabila zima linalofunga maduka, bucha na ofisi, likapakia mchele na mafuta ya kupikia na kupanda mlimani kwa pamoja, alikuwa amelisikia kama utani tu. Utani mwingi wa Wachaga aliusikia, hakuufanyia uchunguzi.

Aristides alipaka chaki fimbo yake kwa muda mrefu.

"Twende Kibosho," akasema hatimaye.

"Si ndiko kwenu huko?"

"Ndiko. Miaka yote hii, nani atanikumbuka?"

"Basi kesho."

"Kesho hapana. Tusubiri mkesha wa Krismasi. Watu watakuwa wameshika hela."

Lekishon akaona rafiki yake ana akili kweli kweli.

Mkesha wa Krismasi, jua likiwa bado la mchana mwema, waliteremka kwenye pikapu njia panda ya Kibosho. Migomba ilikuwa kijani, kahawa zimefagiliwa chini, na magari! Lekishon alishangaa kijiji kuwa na magari mengi vile, tena mengi ameyaona mahali. Hakutilia maanani. Palikuwa na baridi, akavaa koti juu ya shuka. Baa ilikuwa na meza mpya kabisa, imejaa watu. Akaingia kwa mbwembwe zake zote.

"Nimetoka kuuza ng'ombe Weruweru!" alitangaza. "Haya mayai ya rangi mnayachokoa kwa nini?"

Hakuna aliyecheka. Mtu aliyekuwa ameinama mezani anapiga hesabu ya mpira alinyanyuka taratibu, akageuka. Alikuwa Hans. Hakumtazama Lekishon usoni. Alitazama koti.

"Hilo koti," Hans alisema.

"Koti gani?" Lekishon aliuliza, ingawa alikuwa ndani yake.

Kutoka kona ya pili Derick akasimama. Nyuma ya Derick akasimama fundi magari mmoja wa Sombetini, nyuma yake mwenye duka la dawa, na mwingine, na mwingine. Baa nzima ya Kibosho ilikuwa ni baa ya Sombetini iliyopanda mlima. Wote walioliwa mwaka mzima walikuwa pale, wamepumzika, wameshiba, na hawana haraka. Lekishon alisema baadaye kwamba hata simba hakuwahi kumtoa jasho namna ile.

Na mlango ukafunguka. Aristides akaingia, vifungo vimepanda hadi kooni, nywele za maji.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisalimia.

"Milele, amina," baa ikaitika kwa pamoja, na mtu akaufunga mlango nyuma yake.

Walitaka kuwapiga, tusidanganyane. Derick alikuwa ameshashika fimbo kwa upande wa nyuma. Lakini mzee mmoja wa pale akapaza sauti, akataka kujua kwanza, huyu kijana ni mtoto wa nani? Na hapo Aristides, aliyekuwa hataji jina lake hata kwa mwenye nyumba, akafanya jambo ambalo Lekishon aliona ni wehu mtupu. Alijibu wazi, mbele ya wote, "Mimi ni mtoto wa katekista Frederick Massawe. Nyumbani ni hapo juu, karibu na parokia."

Basi habari ikabadilika. Mtoto akikosa, kwa Wachaga, anapelekwa kwa baba yake, na baba anakaa kuamua. Hupigi mtoto wa mtu njia panda ilhali baba yake yuko hai na nyumba iko karibu. Msafara ukaundwa. Wakapandishwa kilima katikati ya migomba, Lekishon anazomewa na watoto, Hans kashika ukosi wa koti lake asije akapotea nalo. Aristides alitembea mbele kabisa, kimya, kama anayesindikizwa kupewa zawadi.

Mzee Frederick alikuwa uani. Aliona umati, akaona ni nani yuko mbele. Uso wake haukusogea. Hakumsemesha mwanawe. Aliomba viti viletwe, akaketi, akasikiliza walalamikaji mmoja mmoja.

"Alinidanganya kwamba hajui kucheza," Hans alisema.

"Alikuambia hajui?"

"Hakuniambia, mzee. Alikuwa anaomba samahani."

"Kila mpira?"

"Kila mpira."

Mzee akamgeukia Derick. "Na wewe?"

"Mimi pia samahani, mzee. Nyingi tu."

"Mtu anakuomba samahani mpira wa kwanza, wa pili, wa tatu," mzee alisema polepole, "na ninyi mnaendelea kuweka?"

Mtu nyuma akacheka. Akajaribu kukimeza kicheko, kikamponyoka. Kisha mwingine. Kumbe Hans mwenyewe alikuwa anatetemeka mabega. Mzee Frederick alibana midomo kadiri alivyoweza, na katekista hubana kwelikweli, lakini macho yalimsaliti. Akatoa uamuzi. Koti livuliwe hapo hapo. Redio irudi. Mtoto aape kutogusa tena mchezo huo kwa kula vya watu. Na kwa kuwa watu wamepanda kilima kwa ajili ya aibu ya nyumba yake, hawawezi kushuka na koo kavu. Mbuzi achinjwe, mbege, ile pombe ya ndizi, itolewe.

Kisha akasimama, akamtazama mwanawe kwa mara ya kwanza.

"Shika miguu ya huyo mbuzi," akasema.

Basi. Walikula, walikunywa, kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kilipita mkono kwa mkono, na Lekishon akakaa katikati yao akitetemeka kwa baridi hadi Mama Pudensiana akamfunika blanketi. Mbege ilikuwa nyingi ajabu, pipa baada ya pipa, na Hans akaishia kuimba. Aristides alimkatia baba yake kidari, akampelekea kwa mikono miwili, na mzee akapokea. Siku ile Lekishon aliona rafiki yake analia, akadhani ni kwa sababu wamefilisika.

Maana walifilisika kweli. Krismasi ilipoisha watu walirudi Arusha na habari mdomoni, na Mwaka Mpya ulipofika hakukuwa na baa, kuanzia Sombetini hadi Njiro, ambayo isingewacheka wakiingia mlangoni. Lekishon akarudi mnadani, safari hii akafanya kazi. Aristides akanunua cherehani, akafungua kibanda Elerai, akashona sare za shule. Akamwoa Agnela. Kila Desemba alipanda Kibosho mapema kuliko wote. Pool alicheza Jumapili baada ya misa, kwa soda, na samahani zake zile zile. Alipokufa kwa presha, ghafla, sindano ikiwa bado ndani ya kitambaa, mzee Frederick alikuwa hai bado, amezeeka, anatembea kwa kushikwa.

Siku ya mazishi, baada ya kaburi kufunikwa kwa maua kule Kibosho kwenye migomba, Lekishon aliitwa na Mama Pudensiana. Mama alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, mdogo kuliko Lekishon alivyomkumbuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Akamshika mkono. "Watakuomba usimulie ile ya Krismasi. Mzee anaipenda. Nataka ujue kitu kwanza, maana naona hukujua, na nimechoka kukaa nacho."

"Kitu gani, mama?"

"Mwaka ule, Desemba ilipoanza, Aristides alinitumia mama mmoja anayepeleka ndizi Arusha. Alimpa maneno ya kunifikishia. Alisema, mwambie mama apike pombe ya watu wengi, nitaletwa."

Lekishon hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa yote kwa mkupuo. Twende Kibosho. Tusubiri mkesha. Jina la baba lililotajwa waziwazi. Baba alikuwa amesema hatamwita, na yeye asijilete. Basi alitafuta watu wa kumleta. Aliwatafuta mwaka mzima, mmoja mmoja, mezani, akiwaomba samahani.

"Na baba?" aliuliza.

"Baba yake hajui. Anajua ni Mungu alimleta, kupitia Mmasai mjinga." Akatabasamu. "Samahani, ni maneno yake."

Lekishon alimwacha pale, akawa na hasira. Alikasirika kweli, hasira ya kumvuta mtu ukosi, na mtu mwenyewe yuko chini ya udongo mbichi. Miaka yote ile amejilaumu! Amecheka na wanaomcheka huku moyo unamuuma kwamba aliua riziki ya rafiki yake, na rafiki ameketi pembeni anapinda sare za shule, anajua. Kwa nini hakumwambia? Akajijibu mwenyewe, kwa sababu wewe Lekishon una mdomo. Ungewaambia watu wa Arusha yote, na siku moja ingemfikia mzee. Hasira ikaanza kumcheka. Aliikumbuka njia ile katikati ya migomba, Aristides anatembea mbele, na kwa mara ya kwanza tangu simu ya kifo ilipomfikia, akalia bila kicheko, ameegemea mgomba.

Walipomwita, kipaza sauti kilikuwa kinamsubiri. Watu wakapiga makofi kabla hajasema neno. Hans alikuwepo, mvi zimemjaa, amekaa mbele. Mzee Frederick alikuwa kwenye kiti chake cha mbao karibu na kaburi, kiganja nyuma ya sikio.

Lekishon alikitazama kile kiganja. Angeweza kuwapa leo habari ambayo hawajawahi kuisikia. Angeweza kuwaambia kwamba hakuwa mjinga hata kidogo, kwamba alipigwa changa la macho na fundi, kama walivyopigwa wao wote, na kama alivyopigwa mwenye kiti kile. Wangempigia makofi mpaka migomba itikisike.

"Mimi ni Mwarusha," akaanza. "Krismasi naijua ya kanisani. Hakuna aliyeniambia kwamba Wachaga huhama na mji wao."

Kicheko kikalipuka. Akaendelea, na hakupunguza kitu. Aliingiza mayai ya rangi, aliingiza koti, aliigiza Hans anavyogeuka. Alijifanya hamnazo kuliko alivyowahi kujifanya kwenye baa yoyote. Alipofika kwenye wazo la kwenda Kilimanjaro, akasema kwa sauti ya wazi kabisa, "Na hilo wazo lilikuwa langu. Marehemu hakutaka. Mimi ndiye niliyemburuta."

Mzee Frederick alicheka mpaka wajukuu wakamshika mabega. Alipotulia alijifuta macho na kiganja, akaonyesha kwa mkono kwamba anataka kusema, na kipaza sauti kikapelekwa mdomoni kwake.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikuwa nimeshaapa. Bila ujinga wako ningemzika leo mtu nisiyemjua. Asante."

Hans aliinamisha kichwa.

"Karibu, mzee," Lekishon alijibu.